Hatua Nne Nyuma ya Lusiola

Wapo watu wanaocheka wakimwona mtu mzima akiruka kwa kuona jani limetikisika. Wanaocheka ni wale ambao hawajaumwa. Wahenga hawakumcheka mtu wa namna hiyo. Walimwonea huruma, wakamtungia methali, wakatuachia sisi tujue tutakavyoishi naye. Nabwile wa kijiji cha Namikuyu alikuwa mtu wa namna hiyo, na jani lililomtikisa yeye lilikuwa kigingi cha mti chenye kichwa kilichopakwa rangi nyekundu.

Namikuyu ni kijiji kidogo upande wa Bungoma, juu kidogo ya Kimilili. Ng'ambo ya kijito, upande wa Trans-Nzoia, kipo kijiji kingine kiitwacho Kapchelel. Ukisimama Namikuyu asubuhi unaweza kusikia jogoo wa Kapchelel akiwika, na mtu mwenye macho mazuri humtambua hata mwenye jogoo. Ila kufika huko ni shughuli. Kijia cha zamani kilikuwa kimemezwa na miiba na matope, kwa hiyo watu walizunguka kwa barabara kuu, kilomita tisa nzima, wakigombania ukingo wa lami na malori ya miwa na ya mahindi. Viola, mjukuu wa Nabwile, alisoma shule ya upili Kapchelel na kwenda huko kwa baiskeli. Mwaka uliotangulia, trela la lori lilimpiga kikumbo akaanguka mtaroni na mkono ukavunjika. Mkono ulipona, lakini ulipona umepinda, na kila Nabwile alipomwona msichana akijaribu kusuka nywele zake kwa mkono ule, moyo ulimuuma upya.

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba vijiji viwili vitaunganishwa kwa njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, mtu angedhani Nabwile angekuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Hakupiga. Alikaa kimya siku tatu, na siku ya nne akasema kwamba jambo hilo lilikuwa na harufu.

Ukweli ni kwamba alikuwa na sababu. Miaka mingi nyuma, yeye na mumewe Khisa walikuwa na ekari nne na nusu. Siku moja alikuja dalali nadhifu, mpole, mwenye kalamu mfukoni, akasema anapima njia ya ng'ombe kwenda kwenye josho. Alipigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu. Khisa alimuuliza maswali yote ambayo mtu mwerevu huuliza, akajibiwa yote kwa heshima. Kisha akaitwa mezani aangalie karatasi, akaiangalia, akaweka sahihi. Josho halikuonekana hadi leo. Aliyeonekana ni mtu mwingine mwenye seng'enge na hatimiliki ya ekari tatu. Kesi ilimla Khisa miaka na miaka, akafa nayo, akamwachia mkewe ekari moja na nusu na woga ambao haukuwa na mpaka.

Kilichobaki kililindwa na mti mmoja. Baada ya kupokonywa zile ekari tatu, Khisa alimwita jirani yake wa upande wa pili, Mzee Wakhungu, wakapanda mche wa lusiola kwenye kona ya juu ya mpaka wao. Waliupanda kama ilivyo desturi ya huko: wote wawili walishika shina kwa pamoja, kila mmoja akatia shimoni udongo wa shamba lake, na watoto wa nyumba zote mbili wakaitwa waone. Mkonge uliopandwa kuufuata mpaka ulikufa, mawe yakabebwa na mafuriko, lakini lusiola ulisimama, ukarefuka, ukawa unatoa maua ya manjano kila mwaka. Namikuyu nzima iliujua. Nabwile aliuita shahidi, na siku za upweke alikwenda kuuegemea mgongo kama mtu anayemwegemea mumewe.

Mkutano wa kupanga njia ulifanyika kwenye uwanja wa kanisa. Aliyeuongoza alikuwa Judy Cherono, mwanamke kijana kutoka shirika dogo lililokuwa likivisaidia vijiji kupanga njia zao. Alijitambulisha, akasema anaishi Kibomet, pale Kitale. Nabwile, aliyeketi nyuma kabisa amekunja mikono, aliinua kichwa. Yule dalali naye alikuwa wa Kibomet.

Judy alieleza kwamba njia itapita kwenye mipaka ya mashamba, upana wake hatua nne, na kwa kawaida kila mwenye shamba atatoa hatua mbili. Pikipiki hazitaruhusiwa, na nguzo zitasimamishwa kila mwisho wa njia kuzizuia. Palipo na korongo au kizuizi, alisema, mambo yatabadilika kidogo, na ndiyo maana ameleta ramani. Kila mtu aje mezani aoneshwe shamba lake.

Nabwile akasimama. "Mimi nauliza tu. Watu hutengeneza barabara gari ipite. Sasa wewe unasema gari haipiti, pikipiki haipiti. Ni nini itapita?"

Watu wakacheka, na Judy akacheka nao, akajibu kwamba watakaopita ni watoto wa shule, akina mama wenye vikapu na wagonjwa wanaokwenda zahanati. Jibu lilikuwa zuri. Ubaya wake ulikuwa huohuo, kwamba lilikuwa zuri. Nabwile aliketi akiwa na shaka mara mbili ya ile aliyosimama nayo.

Wengine wote walijipanga kwenye meza kuona ramani. Yeye alikataa katakata. Alipobembelezwa alisema kwamba marehemu mumewe naye aliitwa mezani kuangalia karatasi, na alirudi nyumbani bila shamba. Akatoa idhini yake kwa mdomo mbele ya kadamnasi, kwa ajili ya mkono wa Viola na si kwa ajili ya mtu mwingine yeyote: hatua mbili, basi, kama ilivyotamkwa.

Lakini kabla mkutano haujafungwa, akasimama tena. Hofu yake sasa ilikuwa imehama kutoka kwa Judy hadi kwa Wanyonyi, mwana wa marehemu Wakhungu, ambaye shamba lake lilipakana na lake. Wanyonyi alikuwa amejitolea sana katika mambo ya njia hii, akibeba viti, akiita watu, akicheka na Judy. Mtu hajitolei hivyo bure, aliwaza Nabwile. Siku ya kufyeka, si atausukuma mpaka polepole kwa panga? Basi akatoa pendekezo: siku ya kufyeka vijiji vibadilishane. Watu wa Kapchelel wafyeke upande wa Namikuyu, na wa Namikuyu wafyeke upande wa Kapchelel, ili asiwepo wa kulihurumia shamba lake au kulimega la jirani. Jotham Kipchirchir, mzee mtulivu aliyewaongoza watu wa Kapchelel, alisema hilo ni wazo la mtu mwenye akili. Wote waliliunga mkono, na Wanyonyi alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nabwile alienda nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyeziba tundu la panya.

Vigingi vilipigiliwa Jumatatu, siku ambayo Nabwile alikuwa sokoni Kimilili na maharagwe yake. Aliporudi jioni aliviona akiwa mbali. Vichwa vilikuwa vyekundu. Kikapu kilimponyoka, akasimama njiani kama mtu aliyeitwa jina lake na maiti. Rangi nyekundu huonekana vizuri majanini, ndiyo maana wapimaji huipenda, lakini nani angemwambia hayo wakati ule? Aliona kalamu ya yule dalali. Aliona kidole cha Khisa juu ya karatasi.

Akaenda kupima kwa miguu yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya mpaka vigingi vilikuwa sawa, hatua mbili upande wake na mbili upande wa Wanyonyi. Alipofika kona ya juu, damu ikamchemka. Pale kwenye lusiola vigingi vyote viwili vilikuwa vimeruka mpaka na kuingia shambani kwake. Cha kwanza kilikuwa nyuma tu ya mti, cha pili kilikuwa hatua nne ndani. Alirudia kuhesabu mara tatu. Ilikuwa hivyo kwa urefu wa hatua ishirini, jozi tatu za vigingi, kisha vilirudi kwenye mstari wake. Na kwenye udongo laini pale aliziona alama za viatu vya mpira vya Wanyonyi, vilivyotoboka kisigino, zikizunguka ndani ya shamba lake kana kwamba mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia.

"Nilijua," alimwambia Viola usiku wakila. "Nilijua toka mwanzo."

"Kukhu, bibi yangu, si umuulize Wanyonyi? Yeye alikuwepo wakipima."

"Fisi anaulizwa njia ya zizi?"

Asubuhi yake Wanyonyi mwenyewe alifika uani, akapiga hodi, akakohoa, akapiga hodi tena. Alikuwa amekuja kueleza. Nabwile alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka pale, akapuliza moto na kujifanya hasikii. Alisubiri mpaka zile nyayo zilizotoboka kisigino zilipoondoka. Laiti angetoka nje wakati ule, hadithi hii ingeishia hapa na mimi ningekuwa nimepumzika.

Badala yake, alfajiri ya Alhamisi, kabla ya kumkamua ng'ombe, alichukua jembe na kwenda kona ya juu. Hakuwa mwizi, na hili ni lazima lisemwe. Hakuving'oa vigingi akavitupa. Alivihamisha kwa haki kama alivyoielewa yeye: hatua mbili kwake, hatua mbili kwa Wanyonyi, sawa na maneno ya mkutanoni. Vile vya upande wa Wanyonyi viliangukia ukingoni kabisa mwa korongo lililochimbwa na mvua, ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili, lakini yeye hakuliangalia korongo, alikuwa akihesabu hatua. Mashimo ya zamani akayafukia na kuyakanyaga. Lusiola sasa ulisimama katikati ya mistari miwili kama mwamuzi uwanjani, na jambo hilo lilimpendeza. Mti ni mpaka, aliwaza, na mpaka ndio katikati. Nani atakayegusa mpaka?

Alirudi nyumbani na matope hadi magotini. Viola alikuwa mlangoni akitia upepo kwenye gurudumu la baiskeli. Aliyaona yale matope, akamtazama bibi yake usoni, kisha akaendelea na pampu yake.

Ijumaa ilikuwa siku ya kufyeka. Nabwile hakukaa. Shaka yake ilikuwa imepata miguu, na ilimpeleka hadi Bungoma mjini. Kama wamethubutu kuruka mpaka kwa vigingi, si ajabu wamekwisha kuandika kitu kwenye faili. Aliondoka mapema, akashuka Kanduyi, akatembea hadi ofisi ya ardhi na namba ya shamba aliyoiandika kwenye kipande cha gazeti. Alisubiri kwenye benchi hadi saa sita, akiwatazama makarani kwa jicho la pembeni. Hatimaye aliitwa. Karani alimsomea polepole, na kwa kuwa Nabwile hakuamini, alimsomea tena: ekari moja na nusu, jina la Khisa, hakuna deni, hakuna zuio, hakuna aliyeligusa. Akampa karatasi yenye mhuri.

Nabwile aliikunja karatasi ile akaitia kifuani. Njia nzima ya kurudi aliigusa mara kwa mara. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijisikia mwepesi. Alinunua hata mkate Kimilili, kitu ambacho hakuwa akinunua ovyo.

Alijua kuna kitu kabla hajaona. Ukipanda kilima cha Namikuyu, kitu cha kwanza kukupokea ni kichwa cha lusiola kikichomoza angani. Alipanda, akatazama, mbingu ilikuwa tupu. Alifikiri amekosea njia. Kisha akasikia kelele za watu, akaanza kukimbia, mwanamke wa miaka sitini na saba na mkate mkononi.

Lusiola ulikuwa umelala chini, maua yake ya manjano yametapakaa kwenye matope. Kisiki kilikuwa cheupe, kinatoa maji. Watu wa vijiji vyote viwili walikuwa wamekusanyika, wa Namikuyu wakiwa wameacha kazi ng'ambo na kurudi mbio waliposikia kishindo, na walikuwa wakirushiana maneno. Wa Namikuyu walisema hawa wa Kapchelel wameukata kwa makusudi, kwa sababu mti wa lusiola hutoa nguzo nzuri za nyumba. Wa Kapchelel walisema wao si wezi wa nguzo. Jotham alisimama katikati na msumeno wake, akirudia jambo moja: Judy aliwaambia kilicho ndani ya vigingi kiondoke na kilicho nje kisiguswe, na mti ule ulikuwa ndani. Wanyonyi alikuwa amepandwa na hasira. Aliapa kwamba vigingi vile alivishika yeye mwenyewe Jumatatu, na kwamba viliwekwa nyuma ya mti. Hapo macho yakamgeukia Judy, aliyekuwa amekuja mbio kutoka kijitoni na ramani kwapani. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama si yeye aliyebadilisha vigingi apate njia iliyonyooka. Mwingine akasema huenda amelipwa. Shaka ya mtu mmoja ilikuwa imegawanywa kwa wote kama mkate wa komunyo, na kila mmoja alikuwa anautafuna.

Nabwile alisimama pembeni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wengine walimpa pole, wakimshika bega, wakimwambia wataupata mkono uliofanya hayo. Karatasi ya Bungoma ilikuwa kifuani, safi, inamchoma.

Jotham alikuwa mtu asiyependa kelele. Aliposikia watu wake wakiitwa wezi mara ya tatu, aliufuta msumeno kwa majani. "Basi," alisema. "Watu hawaaminiani, watapitia njia moja aje? Mtu atakuwa anaangalia mgongo wa mwenzake tu. Sisi tunaenda nyumbani, na njia yenu iishie hapo." Akawapungia watu wake. Wakaanza kushuka kuelekea kijitoni, mmoja mmoja, mapanga mabegani.

Viola alikuwa ameinama karibu na kisiki, akiokota maua kwa ule mkono uliopinda. Alimwinulia bibi yake macho, yale macho ya Alhamisi asubuhi, akasubiri.

Kunyamaza kungekuwa rahisi. Wangeondoka, njia ingekufa, Judy angerudi Kibomet na aibu isiyo yake, Wanyonyi angebaki mshukiwa, na hakuna ambaye angewahi kujua. Nabwile aliliona hilo waziwazi, akajiona mwenyewe ndani yake: mtu mpole, anayepewa pole, na nyuma yake watu waliodhulumiwa. Alikuwa amemwona mtu wa namna hiyo mara moja tu maishani. Alikuwa na kalamu mfukoni.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Jotham, ngoja. Hizo vigingi ni mimi nilihamisha."

Hata waliokwisha kufika chini walisimama. Nabwile alitembea hadi nyuma ya kisiki, akahesabu hatua nne, akachimba kwa kisigino mpaka tundu la zamani likafunguka. Wanyonyi alichukua kigingi akakidondosha humo, kikazama bila nyundo. Hapakuwa na haja ya ushahidi mwingine.

Jotham alipanda tena kilima polepole. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kuelewa. "Mama, kwa nini hukuuliza tu?"

"Kwa sababu mara ya kwanza tuliuliza," alisema Nabwile. "Na tulijibiwa vizuri sana."

Wazee waliikumbuka kesi ya Khisa, na vijana waliwahi kuisikia. Nabwile alikuwa analia sasa, bila kujificha, na aibu ilikuwa imemjaa hadi masikioni. Aliwaomba radhi watu wa Kapchelel. Akamwomba radhi Wanyonyi kwa zile hodi alizozisikia na kuzinyamazia. Kisha akamgeukia Judy, akamwambia jambo ambalo alikuwa ameapa hatalisema kwa mtu yeyote mwenye vigingi.

"Nionyeshe hiyo karatasi yako."

Judy aliikunjua ramani juu ya kisiki. Aliweka kidole palipo korongo, akaeleza kwamba upande wa Wanyonyi hapakuwa na ardhi ya kupitishia njia, ingeporomoka mvua ya kwanza, na ndiyo maana ilibidi izunguke nyuma ya mti. Akaeleza kwamba Wanyonyi alikuwa amekubali kumlipa Nabwile hatua zile kwa kumwachia ukanda wa ukubwa uleule pale chini penye rutuba. Alikuja kumweleza hayo Jumanne, hakumpata. Lakini Nabwile hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa ameliona duara dogo la kijani kwenye ramani, pale hasa alipokuwa ameweka kiganja, na kando yake maneno yaliyoandikwa kwa mkono. Alijua kusoma, si kwa haraka, ila alijua. Aliyasoma kwa kidole, herufi kwa herufi: *Lusiola wa Mzee Khisa. Usikatwe.*

"Nani aliandika hii?"

"Mimi niliandika, lakini ni Wanyonyi aliniambia," alisema Judy. "Alikataa tupige kigingi hata kimoja kabla niandike."

Nabwile aliketi chini palepale kwenye matope. Kwa wiki mbili alikuwa akimlinda shahidi wake dhidi ya watu wawili, na watu hao wawili ndio pekee waliokuwa wameandika jina lake. Mkono uliomwangusha ulikuwa ni wa Nabwile mwenyewe, na pendekezo lililowaleta wakataji wasioujua mti lilikuwa ni lake vilevile.

Bado ilibaki hofu moja, na aliingoja imwangukie. Mti umekwenda, na Wanyonyi sasa angeweza kusema mpaka uko popote. Wanyonyi aliinama upande wake wa kisiki, akachota udongo kwa viganja viwili.

"Baba alishika huu mti na mzee Khisa, na mimi nilikuwa nimesimama hapa nikiona," alisema. "Kisiki hakijahama, Mama. Weka yako."

Nabwile akachota udongo wa kwake. Wakaumwaga pamoja kwenye mizizi, na Jotham akawaita watoto wa vijiji vyote viwili waje waone. Kisha watu wa Kapchelel wakarudisha vigingi kwenye matundu yake ya kwanza, wakaendelea na kazi hadi jua likapungua.

Njia ilikamilika kabla ya mvua za masika. Viola huendesha baiskeli yake hadi shuleni kwa dakika kumi na mbili bila kuona hata tairi la lori, na akina mama wa Kapchelel huleta viazi Namikuyu wakiwa bado na pumzi za kusengenya. Lusiola ni mti mkaidi. Kabla ya mwaka kwisha kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi matano. Nabwile aliliacha moja likue, akalizungushia miiba mbuzi wasilile.

Msidhani amepona. Kila Jumapili akitoka kanisani hupita kona ya juu, husimama penye kisiki, na huhesabu hatua nne hadi ukingo wa njia, midomo ikimcheza. Huwa ni nne. Mwezi uliopita aliamka akakuta vigingi vipya vyenye vichwa vyekundu kando ya njia, mkabala na shamba lake. Moyo ulimlipuka, mkono ukalishika jembe, miguu ikaanza kwenda kabla akili haijafika. Katikati ya shamba alisimama. Alilaza jembe chini, akajifunga leso vizuri, akaenda kupiga hodi kwa Wanyonyi kuuliza. Aliambiwa ni vigingi vya benchi la kupumzikia, na kwamba kamati ilikuwa inamtafuta ili achague lielekee upande gani. Alichagua lielekee lusiola. Kisha akarudi nyumbani mikono ikiwa bado inamtetemeka, akakaa jikoni kitambo kirefu hadi ikatulia, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.